Nyuzi za Utumbo kwa Gambusi la Baba

Masikio ya mama yalikuwa yanamwisha. La kushoto limeshakwenda, la kulia linafuata. Nami nikajifanya mwana mwema: nikaapa kwamba kabla halijaziba, atalisikia gambusi la marehemu baba likiwa na nyuzi za utumbo, kama walivyofunga wa kale. Baba alilifungia mshipi wa kuvulia samaki maisha yake yote. Uvivu tu, nilijiambia. Mola anisamehe.

Elimu niliipata kwenye simu, kwa Mzungu aliyevaa aproni nyeupe pe. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka: utumbo hauachi aproni nyeupe. Nikaagiza utumbo wa kondoo buchani, pale Bagamoyo mjini. Muuza nyama, kwa ukarimu wake, akanikatia vipande vya supu, na ndimu akaniongezea.

"Nilitaka mzima!" nikafoka.

"Kaka, mzima utautafunaje?"

Kesho yake nilimsimamia mpaka akanifungia mzima.

Nikaukwangua mafuta kwa mgongo wa kisu, nikauloweka kwenye maji ya majivu, kila siku nayabadilisha. Lo! Harufu ilifika msikitini kabla yangu. Majirani wakawa wananisalimia kwa mbali. Nikamwambia mke wangu huu ni urithi. Akajibu urithi ukaoze kwa wenyewe, akafungasha aende kwao Chalinze. Aliyemzuia ni mama. Akamshika mkono: "Mvumilie, mwanangu, nakuomba." Mama, asiyestahimili hata dagaa wakianikwa! Nikavimba kichwa, nikajua mama yangu anathamini sanaa.

Nikazisokota nyuzi, nikazivuta kati ya misumari uani zikauke. Nne zikakatika. Nikatukana, nikaanza upya. Ijumaa baada ya swala nikazifunga kwenye gambusi, nikakaa upande wa sikio la kulia la mama, nikapiga. Mimi si mpigaji, nakiri, lakini sauti ilitoka nene, laini, ikajaa chumba. Nikangoja sifa zangu.

Mama machozi yakamtiririka.

"Mwaka tulipooana," akasema, "baba yako aliloweka utumbo uani, kama wewe. Nikamwambia sitaishi na uvundo ule, narudi kwetu. Akaumwaga siku ile ile, akanunua mshipi. Hakunilaumu hata siku moja."

Akainama, akaliweka sikio karibu kabisa na gambusi.

"Kumbe ni tamu namna hii. Piga tena, mwanangu, nisikie nilichomnyima."