Maombolezo ya Aliye Hai

Nilifanya kazi ya kupima ardhi kwa miaka kumi na mmoja. Tulianza mwishoni mwa miaka ya sitini, mashamba yalipokuwa yakigawanywa na kuandikishwa kwa majina ya watu, na katikati ya miaka ya sabini bado tulikuwa tunapanda na kushuka vilima vya Magwagwa, upande wa Nyamira, tukivuta mnyororo wa kupimia katikati ya migomba na majani chai. Wenye mashamba walisimama kando wakitazama miguu yetu. Mwanzoni nilishika ncha ya mnyororo tu. Baadaye, kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka, nilipewa kuandika daftari la vipimo.

Shule niliiacha nikiwa darasa la sita. Mengine nilijifunza mwenyewe, kwa utaratibu: kurasa kumi kwa siku isipokuwa Sabato, na kila neno nisilolijua kwenye kipande chake cha karatasi. Siku moja sokoni Nyamache nilinunua kitabu kikuukuu kisicho na jalada, kilichoeleza ngoma, mashairi na michoro ya mataifa ya mbali. Nilikisoma mara nne. Sisi hatukuwemo. Nilijaribu kuandika sura yetu, nikaanza na obokano, kinanda kikubwa cha nyuzi nane kinachopigwa kwenye harusi zetu, nikampa mwalimu mmoja aipitie. Alinirudishia ikiwa imejaa wino mwekundu, akaniambia kwamba mambo hayo yana wenyewe walioyasomea.

Ndipo nikaamua kuandika juu ya nchi isiyokuwepo. Kwa mtu asiye na cheti, nchi ya namna hiyo ina faida moja: hakuna anayeweza kumwambia kwamba amekosea.

Nilianza na ramani, kwa kuwa ramani nilizijua, kisha nikaandika watu wake na sanaa zao, kila kabila na daftari lake. Watu wa miinuko hawakuandika kwa wino. Shairi kwao lilikuwa kamba ya nyasi yenye mafundo, na msomaji alilipitisha kati ya vidole. Mshairi mbaya alitambulika kwa kamba inayochubua mkono. Watu wa bondeni walichora ndani ya vyungu, kisha wakavifunga midomo kwa udongo, kwa hiyo mchoro ulionekana siku chungu kilipovunjika, na mama wa nyumba hakumkaripia mtoto aliyekiangusha mpaka kwanza autazame.

Watu wa mto ndio niliowapenda kuliko wote. Kwao mtawala alipoketishwa kwenye kiti, mshairi mmoja alipewa kazi ya kumtungia maombolezo. Kila mwaka baada ya mavuno mshairi alisimama mbele yake akamwimbia maombolezo hayo, kana kwamba amelala mbele yao amekufa, na mtawala alipaswa kusikiliza bila kujibu. Akiwa ametenda wema mwaka huo, beti ziliongezwa. Akiwa ametenda mabaya, zilipunguzwa. Niliandika maombolezo kamili ya mtawala mmoja, kurasa ishirini na mbili, yakianza hivi:

Mzee, umelala, na daraja ulilojenga limesimama.
Mzee, umelala, na kisima ulichokifunga bado kimefungwa.

Lazima nieleze neno hilo, Mzee. Kwetu mwenye boma huitwa omogaka, awe na miaka thelathini au themanini. Mke humwita mumewe hivyo, na mgeni humsalimu hivyo mlangoni. Mtawala wa watu wa mto hakuwa mfalme. Alikuwa kama mwenye boma la watu wote. Niliwaza kwa Ekegusii, nikaandika kwa Kiswahili, lugha niliyoiona ya kitabuni: omogaka, Mzee. Na kwa kuwa kitabu changu cha sarufi kilisema cheo huanza kwa herufi kubwa, nikaweka herufi kubwa. Neno hilo nililiandika mara arobaini na tatu, na hata mara moja halikunishtua.

Msomaji aliyekuwa mtu mzima wakati ule hahitaji kuelezwa zaidi. Aliyezaliwa baadaye ajue kwamba Rais aliitwa Mzee. Redioni na magazetini, Mzee kwa herufi kubwa alikuwa yeye peke yake. Na serikali ilikuwa imeonya waziwazi kwamba mtu kuwaza tu kifo chake ni kosa linaloweza kumfikisha kwenye kitanzi. Watu walianza kushusha sauti hata walipozungumzia mazishi ya jirani.

Madaftari yangu ya nchi ile yalikuwa na jalada la kijani, sawasawa na ya kazi, kwa sababu yalikuwa ya kazi. Tulipewa mengi kuliko tuliyoyajaza, na lile la watu wa mto nilitembea nalo mfukoni pamoja na la vipimo. Ijumaa moja adhuhuri nilifika mjini Kisii kupeleka vipimo vya wiki, nikamkabidhi daftari karani wa mashine ya kuandika, nikarudi nyumbani kabla jua halijatua, kama ilivyo desturi yetu ya kuipokea Sabato. Nilipotaka kuweka vitu vyangu mahali pake nilifungua daftari lililobaki mfukoni. Nilikuta nambari za mashamba, pembe na urefu wa mipaka.

Nilikaa kitandani nikiwa na koti mwilini. Mke wangu alisimama mlangoni na maji ya kunawa.

"Omogaka, mbona huji? Jua linazama."

Nilimwambia nimepeleka daftari silo. Akauliza hilo lingine lina nini. Nikasema lina maombolezo. Ya nani? Ya mtu asiyekuwepo, nikasema.

"Basi nani atakuja kukushtaki?" Akacheka, akaweka karai chini.

Nikamtamkia neno lile kwa Kiswahili, kama nilivyoliandika. Hakucheka tena. Aliketi karibu nami, na maji yale yakapoa karaini.

Ofisi haikufunguliwa Jumamosi wala Jumapili, na hata ingefunguliwa, nisingesafiri siku ya Sabato. Nilikwenda kanisani. Nyuma kabisa waliketi wanaume wawili wenye makoti ambao sikuwajua. Sikuweza kuimba. Kila tuliposimama nilihisi macho yao shingoni mwangu, na kila tulipoketi nilijiuliza kama wangeningoja nje mbele ya watoto wangu au wangekuwa na adabu ya kunifuata njiani. Baada ya ibada walitambulishwa: walikuwa waimbaji waliotoka kanisa la Nyanchwa, wamekuja kualika kwaya yetu. Mmoja alinishika mkono kwa furaha, akaniuliza kama mimi ni mgonjwa, maana mkono ulikuwa wa baridi.

Jumapili nilichukua madaftari mengine na ramani, nikayafunga katika nailoni, nikayafukia kwenye shimo ambamo mke wangu alikuwa akivundika ndizi. Nilifanya hivyo mchana, kwa sababu niliogopa kuonekana na taa usiku. Jirani alipita kwenye ua akanisalimu, akauliza kama ndizi zimeiva. Nikamwambia bado. Akasema tumwite zikiiva. Sentensi hiyo niliichunguza mpaka jioni, nikitafuta ndani yake kitu kingine.

Jumatatu nilikuwa Kisii kabla ofisi hazijafunguliwa. Karani wa mashine, msichana mwenye miwani, alipoingia hakunitazama. Aliniambia nisubiri, kwamba bwana mkubwa ataniita mwenyewe. Bwana mkubwa, afisa wa ofisi yetu, hakuwa amewahi kuniita. Alikuwa mtu wa pwani, amehamishiwa kwetu mwaka huo, na Ekegusii hakukijua hata kwa salamu.

Daftari lilikuwa juu ya meza yake, limefunguliwa.

"Hili ni lako?"

"Ndiyo, bwana."

"Kaa." Hakupandisha sauti. "Mzee huyu ni nani?"

Nilikuwa nimejiandaa tangu Ijumaa, na maelezo yangu yalikuwa na mpangilio. Nilianza na ramani, nikaja kwa watu wa miinuko na kamba zao, nikaja kwa vyungu. Alinisikiliza akiwa ameshika kidevu.

"Nchi hii iko wapi?"

"Haipo, bwana."

"Haipo, na ina mtawala. Mtawala anaitwa Mzee, na amekufa."

"Hajafa, bwana. Ndiyo desturi yenyewe. Anaombolezewa akiwa hai."

Nilipolisikia hilo likitoka kinywani mwangu nilijua nimejimaliza. Dirishani kilima cha Nyanchwa kilikuwa na mwanga wa asubuhi, na nakumbuka nilijaribu kukariri umbo lake, kama mtu anayepima mahali ambapo hatarudi.

Afisa alifunika daftari. Kisha, bila kuondoa macho yake kwangu, akaita kuelekea mlangoni, kama alivyoita kila siku alipotaka faili.

"Mzee! Hebu ingia."

Tarishi akaingia, mtu wa kwetu, mvi kichwani, kofia mkononi. "Naam, bwana."

Afisa hakusema alichomwitia. Alimtazama tarishi, akatazama jalada la kijani, akamtazama tarishi tena. Nadhani ni hapo tu alipojisikia alivyoita.

"Kwenu hapa," akamwuliza, "mwenye nyumba anaitwaje?"

"Omogaka, bwana."

"Kwa Kiswahili?"

Tarishi alitutazama mmoja mmoja, kama anayeshuku kwamba anafanyiwa mtihani. "Si ndiyo Mzee, bwana? Kama unavyoniita mimi."

"Na wewe umekufa?"

"Sina habari, bwana. Labda kama kuna barua imekuja."

Afisa alicheka kidogo kwa pua, akamruhusu atoke. Mimi sikucheka. Mlango ulipofungwa uso wake ulirudi ulivyokuwa.

"Mimi nimekuelewa," alisema. "Lakini si mimi niliyelisoma kwanza. Lilisomwa pale nje, kwenye mashine. Sijui limesimuliwa kwa nani tangu Ijumaa, na siwezi kuuliza, maana nikiuliza nitakuwa nimelifanya kuwa jambo." Alilisukuma daftari mbele yangu. "Nenda ukalitoe neno hilo. Uniletee Ijumaa nilione. Akija mtu kuuliza, nitaweza kusema nimelikagua mwenyewe na sikuona kitu."

Nilimkabidhi daftari la vipimo, nikalichukua langu. Wiki ile, kila nilipotoka shambani, niliketi kwenye mwanga wa dirisha na wembe, nikikwangua. Karatasi ya serikali ilikuwa nyembamba, ikatoboka mahali kadhaa. Nilijaribu kuweka neno lingine. Nikaandika Mkuu, nikaona ni yuleyule. Nikaandika Mfalme, lakini watu wa mto hawakuwa na mfalme, na hata hivyo msomaji angejiuliza kwa nini nimemficha. Nikajaribu Baba, nikakumbuka kwamba huyohuyo ndiye aitwaye baba wa taifa. Mwishowe nilifuta yote nikaacha mapengo meupe arobaini na matatu, kila moja likifuatwa na mkato.

Wakati huo wote hakuna aliyekuja nyumbani. Hilo halikunituliza. Mke wangu alianza kuwalaza watoto na nguo zao za kutokea, akasema ni kwa sababu ya baridi.

Ijumaa afisa alipitia ukurasa baada ya ukurasa, kidole chake kikipita kando ya mistari. Alisoma polepole kuliko ilivyohitajika kwa mtu anayetafuta neno moja. Pwani wana washairi wao, na niliona midomo yake ikihesabu mizani ambazo mimi sikuwa nimezihesabu.

"Huyu aliyetenda mabaya," akasema, "akiendelea kupunguziwa beti, mwisho anabaki na nini?"

"Na mstari mmoja, bwana."

"Upi?"

"Sijawahi kuuandika."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama nimejibu vizuri. Kisha akaweka kidole juu ya pengo la kwanza.

"Hapa hujaficha kitu. Kila atakayesoma atalijaza mwenyewe, na wote watajaza neno lilelile. Afadhali lingekuwapo, ungeweza kubisha." Alisema hivyo kwa huzuni, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi, kwa sababu lilionyesha kwamba naye alikuwa ameogopa wiki nzima. Sasa alikuwa amelisoma mara mbili, na hakuwa amemwambia yeyote, jambo ambalo lingeweza kuhesabiwa kosa lake pia.

Sikungoja aniagize. Nilizichana kurasa mwenyewe, hapo mezani pake, karatasi kumi na moja, nikizivuta moja moja karibu na uzi wa kushonea ili zilizosalia zisilegee. Alizichukua, akazikunja mara mbili, akaenda nazo mlangoni. Nilimsikia akizungumza na tarishi kwa sauti ya chini, na safari hii hakumwita kwa neno lolote. Nje kwenye baraza palikuwa na jiko la makaa la kuchemshia chai ya ofisi. Moshi wa karatasi ulipita dirishani, mweupe, kwa muda mfupi kuliko nilivyotazamia. Mashine ya kuandika ilikuwa imenyamaza, kisha ikaendelea.

Baadaye tarishi alileta chai kwenye sinia, vikombe viwili. Afisa akanikaribisha. Nilikunywa yote, na nilipoulizwa kama nitaongezewa nilikubali, kwa kuwa kukataa kungeonekana kama nasikitika.