Karatasi za USIZIME

Watu husema picha zao na barua zao ziko kwenye wingu. Wingu lenyewe ni jengo letu: kumbi mbili zisizo na madirisha, safu za kompyuta zinazovuma mchana kutwa, na mashine za baridi zinazokula umeme bila huruma. Fundi wetu wa umeme alikuwa mwanamke mfupi mwenye tochi kiunoni, tuliyemwita Bi Zima. Jina alilipata nyumbani kwake, alikokuwa akizima taa ya kila chumba kitupu, na mara moja alimzimia mumewe akiwa bado ananyoa ndevu. Ukimsalimia, "Bi Zima, u mzima?" alijibu kuwa mzima ni yeye, vingine vyote vizimwe.

Kisha ikaja barua kutoka shirika la umeme. Tupunguze matumizi kwa robo ndani ya miezi mitatu, la sivyo ukumbi wa pili ufungwe. Tulikuwa watu tisa katika ukumbi huo, na sote tungemwaga unga.

Mimi, msimamizi wa zamu, nilipendekeza tununue mashine mpya za baridi. Napenda sana ushauri usioniinua kitini. Bi Zima alichukua daftari akapita safu kwa safu, akichunguza kila kompyuta inafanya kazi gani. Akakuta arobaini na moja ambazo wenyewe, kwa kadiri alivyoona, walikwishahamia kwenye kompyuta mpya. Zinawaka, zinatoa joto, na mashine za baridi zinahangaika kulipoza joto hilo la bure. Kila moja ilibandikwa karatasi: USIZIME.

Hakuna aliyejua nani alizibandika. Yaani, mimi nilijua. Mwandiko ulikuwa wangu. Miaka sita nyuma mafundi rangi walikuwa wakigonga swichi kwa ngazi zao, nikabandika karatasi hizo kwa wiki moja tu, kisha nikasahau kuzitoa. Waliokuja baadaye wakazitii kama amri ya jeshi. Sasa nikajitia hamnazo, tena nikambishia: kama karatasi inasema usizime, lazima kuna sababu.

"Sababu ya nani?" aliniuliza.

Nikatazama saa.

Alimwandikia mkurugenzi barua: likitokea baya, afukuzwe yeye peke yake. Dada yake, mfagizi wa jengo hilohilo, alimwambia amechanganyikiwa, ana watoto watatu shuleni. Alimjibu kuwa hata ukumbi ukifungwa, watoto ni walewale.

Alikwenda na kompyuta moja kwa siku. Asubuhi alichomoa waya wa mtandao tu, kompyuta ikabaki hai lakini bubu, halafu akakaa kando ya simu akisubiri nani atalalamika. Jioni ikiwa kimya, anazima. Sijawahi kuona mtu mwenye subira ya namna hiyo, na mbele ya subira ile mimi nilijiona mdogo.

Siku ya tisa simu ililia. Zahanati moja haikuweza kuiona orodha ya wagonjwa wake. Alirudisha waya kabla sijamaliza kuinuka, kisha akaenda mwenyewe kuomba radhi, akarudi ameandika wanachokitumia na saa wanazokitumia. Nakiri nilifurahi kidogo simu ile ilipolia. Furaha hiyo inanisuta mpaka leo.

Zile nyingine arobaini hazikuliliwa na mtu. Joto lilipungua ukumbini hadi akazipumzisha mashine mbili za baridi. Mwezi wa tatu mita ilikuwa imeshuka kupita ile robo. Aliisoma mara mbili, akafuta macho kwa mkono wa koti.

Mkurugenzi alituita wote tisa. Alishukuru, kisha akauliza ni mpuuzi gani aliyebandika karatasi zile. Bi Zima alikuwa ameshika moja. Ukutani ilining'inia ratiba ya zamu, ambayo mimi huiandika kwa mkono kila Jumatatu. Aliitazama karatasi, akaitazama ratiba, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni.

"Ni mtu aliyekuwa anailinda kazi yetu," alisema. "Alisahau tu kurudi."

Angeninyooshea kidole ningekana. Lakini kwa maneno yale sikuweza kukaa kitini. Nikasimama, nikasema ni mimi.

Mkurugenzi alikwishafungua kinywa, Bi Zima akamtangulia.

"Basi kesho uwahi," aliniambia. "Ukumbi wa kwanza zipo nyingine, na safari hii simu utaipokea wewe."