Ramani ya Pango na Sime ya Mjomba

Ramani hiyo ingali imebandikwa kwenye ukuta wa kanisa la mabati ambamo kamati ya kugawa ardhi hufanyia mikutano yake, upande wa Rombo, si mbali na mpaka. Niliichora mimi. Mistari yake ni safi, rangi zake zinapatana, na kwenye pembe ya chini pana saini yangu. Mwalimu wangu chuoni aliwahi kuitumia kuwaonyesha wenzangu jinsi kazi ya nyanjani inavyopaswa kuwa. Sikumwambia kwamba ni ramani ya pango lisilokuwepo.

Pango lililopo liko nyuma ya boma la mjomba wangu, ndugu ya mama. Mdomo wake ni mdogo. Huingiliwa kwa kuinama. Ndani linapanuka na kwenda mbele kama mtaro, chini ya mawe meusi ya volkano, mpaka kwenye kidimbwi cha maji baridi. Katika miezi ambayo mabwawa hukauka, mke wa mjomba na wanawake wa maboma ya jirani walichota humo. Ng'ombe hawakuwahi kunyweshwa hapo, hata katika kiangazi kilichowaua. Yalikuwa maji ya watu.

Mimi nilikulia Kitengela, alikohamia baba yangu kutoka Mkoa wa Kati kufungua duka la vifaa vya ujenzi. Nilikua nikitazama ardhi ikikatwakatwa: leo bikoni za mpaka, kesho nguzo za ua, kesho kutwa lori la mawe. Hakuna aliyeuliza chini yake kuna nini. Ndiyo maana, nilipokuwa mwaka wa tatu nikisomea upimaji wa ardhi na kusikia kwamba ranchi ya jamii ya kina mjomba itagawanywa, niliona nimeitwa. Kamati ilikuwa imekubali kwamba ardhi iliyo juu ya kidimbwi itatengwa iwe ya wote, isiingie kwenye kura ya ploti, mradi ionyeshwe ni ipi hasa. Nilikuwa na simu yenye programu ya kupimia mapango, na chuo kiliniazima kipimo cha leza.

"Kama pango haliko kwenye karatasi, apu, basi haliko," nilimwambia mjomba kwa simu. Apu ndivyo tunavyomwita ndugu ya mama. Sentensi hiyo inaniwasha masikio hadi leo.

Aliningojea mbele ya boma. Niliinamisha kichwa, akakigusa kwa kiganja, akaitazama simu niliyoifunga juu ya kile kipimo.

"Hiyo ndio itatuonyesha njia?"

"Itachora njia, apu."

"Njia naijua. Nyinyi watu wa Kitengela, hata jua mnaulizanga simu imetokea wapi." Mkewe, aliyekuwa akikamua mbuzi, alicheka hadi mbuzi akamponyoka.

Kabla ya kuingia, mjomba aling'oa majani mabichi, akanipa machache niyashike. Mahali pa maji hapaendwi mikono mitupu kama mwizi, alisema. Nikayatia mfukoni kwa sababu nilihitaji mikono yote miwili.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Unachagua kituo kwenye mwamba, unaelekeza mwale wa leza kwenye kituo kinachofuata, na simu inasoma umbali, mteremko na mwelekeo wa dira. Programu inachora mstari. Unasogea, unaanza upya. Ukifika kituo cha mbele, unageuka na kupima tena ulikotoka, ili kipimo kimoja kikikosea, kingine kikisute. Hilo la mwisho ndilo tulilokaririshwa chuoni kama sala.

Mjomba alikuwa upande wangu wa kushoto muda wote, akinimulikia. Magoti yake yalilia kila alipoinuka, lakini hakukubali nibaki peke yangu gizani. Kiunoni, upande wa kulia, alivaa sime kama siku zote, kwenye ala nyekundu ya ngozi. Pango lilipobana, tulikaa bega kwa bega, na sime hiyo ikawa shubiri moja tu kutoka kwenye simu yangu.

Kwenye kituo cha tatu programu iliandika kwa rangi nyekundu kwamba dira imevurugwa na chuma kilicho karibu. Nikageuka nikapima kurudi nyuma. Vipimo viwili vilitofautiana vibaya.

"Apu, uko na simu mfukoni?"

Alitoa kabambe lake, akaliweka mbali kwenye mwamba. Maneno mekundu hayakuondoka. Nikaitazama sime.

Ningependa kuandika kwamba sikujua. Nilijua. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba dira hufuata chuma. Lakini nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili mbele ya mwanamume ambaye sikuwahi kumwona bila sime, na nilikuwa nimejiaminisha kwamba kumwambia aivue ni kumvua heshima yake. Nikanyamaza, na ukimya huo nikaupa jina zuri, adabu. Niligusa kitufe cha kupuuza onyo. Kuanzia hapo sikupima tena kurudi nyuma, maana kurudi nyuma kulikuwa kunanisuta. Nilijiambia kwamba nayahurumia magoti yake.

Tulipofika kwenye kidimbwi, mjomba alinywa kwa kiganja, kisha akaonyesha juu kwa kidole.

"Hapa juu ni kwa yule mzee wa punda. Asubuhi wakimshusha mizigo unasikia kwato: ko, ko, ko."

Nikaitazama skrini. Mstari wangu ulikuwa umepinda taratibu kuelekea kaskazini, mbali kabisa na boma la mwenye punda. "Sauti hupotoka ndani ya mwamba, apu," nilimweleza kwa upole, kama mtu anayemsomesha mtoto. Alitikisa kichwa kwa kukubali. Kama angebisha, huenda ningepima upya.

Kamati ilikutana kanisani. Mwenyekiti aliitundika ramani yangu ukutani, na watu wakainuka kwenye viti kuitazama. Nilipomaliza kueleza, mjomba aliomba kusema. Alisema anaiona ni nzuri sana, ila maji anavyojua yeye yako chini ya boma la mzee wa punda.

"Umejuaje?" mwenyekiti akamuuliza.

"Nasikianga punda."

Kanisa lilipasuka kwa kicheko. Mwenyekiti akaungana nao. "Sasa mzee, tufuate ramani ama tufuate punda?"

Mjomba naye alicheka. Kisha akanigeukia na kuningoja. Simaanishi kwamba alinitazama tu. Aliningoja, kama mtu aliyesimama mlangoni akikungoja umalize kufunga viatu. Nilikuwa na nafasi ya kusema kwamba dira ilinionya, na kwamba tupewe siku moja zaidi. Nilitazama ramani yangu na rangi zake.

"Mtoto ndio amepima," mjomba akasema hatimaye. "Mimi sikusoma. Fuateni ramani."

Wakaifuata. Kipande cha kaskazini, mawe matupu yasiyolisha hata mbuzi, kikazungushiwa bikoni na kuitwa ardhi ya umma. Boma la mwenye punda likaingia kwenye kura pamoja na mengine, hati zikatoka, na yeye, kama wengi, akauza. Aliyenunua alijenga vyumba vya kupangisha kandokando ya barabara. Kwa kuwa eneo hilo ni mwamba, kuchimba choo ni taabu inayojulikana. Lakini fundi wake alikuwa na bahati: sururu ilitoboa upande wa pili, ikakuta uwazi. Inasemekana alitoka shimoni akishangilia. Choo kama hicho, alimwambia tajiri wake, hakitajaa hata wajukuu wazeeke.

Mke wa mjomba ndiye aliyenipigia simu. Yeye hanipigii, hutuma salamu kupitia kwa mama. Nilikuwa Kitengela, dukani kwa baba, nikimpimia mteja waya.

"Maji imebadilika," alisema.

"Imebadilika vipi, yeyo?" nikamuuliza, maana naye namwita mama.

"Kuja unuse."

Nilikwenda, na sikuhitaji kufika kwenye kidimbwi. Katikati ya pango nilisimama nikiwa nimeziba pua kwa kitambaa, na kutoka juu, upande wa kidimbwi, nikasikia maji ya ndoo yakimwagwa na mlango wa bati ukifungwa. Sauti haikuwa imepotoka hata kidogo.

Nilimwendea mwenye nyumba nikiwa na hasira, na ningeshukuru kama angekuwa mtu mbaya. Alinikaribisha chai. Akaingia ndani, akarudi na nakala ya ramani yangu, ameitia kwenye plastiki isichakae.

"Madam, kabla sijanunua niliuliza juu ya hiyo pango. Wakanipa hii. Si hii ni yako?" Akaweka kidole kwenye saini. "Mimi nilijenga mbali nayo kabisa."

Alisema kweli. Katika watu wote wa habari hii, yeye ndiye aliyeniamini kwa uangalifu kuliko wengine.

Jioni hiyo nilimweleza mjomba yote: onyo jekundu, vipimo vilivyosutana, sime. Nilieleza pia kuhusu adabu yangu. Alinisikiliza akijikuna goti.

"Ungesema tu," alisema. "Ningetoa. Ni chuma tu, nakerai, mwanangu."

Nimetafuta shutuma katika maneno hayo, maana shutuma ningeibeba. Haimo. Kilichomo ni kwamba hakuwa kamwe yule mzee niliyemstahi. Yule nilimtunga mwenyewe, mtu asiyeweza kuambiwa jambo, kisha nikayatoa sadaka maji ya maboma yote ili nisimuudhi.

Asubuhi tuliingia tena, vitambaa puani. Alipofika mdomoni mwa pango alifungua mshipi mwenyewe, akaitundika sime kwenye kichaka. Hakung'oa majani. Nilipima mbele na nyuma kila kituo, na vipimo vikakubaliana. Mstari ulinyooka kwenye skrini, ukapita mbali na mawe ya kaskazini, ukaishia pale pale alipoonyesha kidole.

Niliipeleka ramani mpya kwa mwenyekiti. Aliitazama bila kucheka. "Hati zilishatoka," alisema, akairudisha mikononi mwangu. Ya zamani hakuiondoa ukutani. Ndiyo iliyopigwa mhuri.

Mke wa mjomba siku hizi hutoka alfajiri na punda kwenda kununua maji kwenye kioski cha barabara kuu, na hurudi jua likiwa kali. Siku niliyoondoka nilimkuta akiishusha mitungi. Aliomba aione hiyo ramani mpya, nami nikampa simu. Hakujua kusoma, lakini mstari aliufuata kwa ukucha, kituo kwa kituo, tangu mdomoni hadi kidimbwini, na hakukosea mahali popote.

"Hii ni yenyewe," alisema.

Akanirudishia simu, akashika mtungi uliofuata.