Boriti Isiyobeba Kitu

Mwaka ule wa vita watu wa kwetu Mahege walishuku kila kitu. Mgeni akiomba maji ya kunywa alishukiwa. Akiyakataa alishukiwa zaidi. Jogoo wa jirani aliwika adhuhuri, bibi yangu akamtupia jicho kama aliyemkuta akinong'ona na askari wa Mdachi. Mimi nilikuwa nimewekwa ndani, mwali, marufuku kuonekana na mwanamume wala kusikika sauti yangu. Kwa kuwa sikuwa na watu wa kuwashuku, nilishuku paa.

Msicheke. Mtu akilala chali miezi mitatu, kazi yake kusoma ubao wa chuo tu, ambao mke wa mwalimu alikuja kunisikiliza kila asubuhi, huijua nyumba kuliko aliyeijenga. Ilikuwa nyumba ya bibi, ya udongo na miti ya mikoko, iliyoezekwa makuti. Boriti tano zilikatiza kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Juu ya zile mbili za upande wa jikoni zilitandazwa fito na majamvi, ndiyo dari, na huko ndiko bibi alikoweka mbegu zake za mpunga. Boriti ya katikati niliiita mume wangu. Niliitazama nikilala, nikaitazama nikiamka, nayo haikunijibu neno.

Kisha habari zikafika kwamba askari wanapita vijijini, wanabeba nafaka, na wasichoweza kubeba wanakichoma. Mjomba wangu, mtoto wa kwanza wa bibi, akaamua mpunga wote wa ukoo ufichwe darini. Dari ingepanuliwa mpaka upande wa mlangoni, na katikati ungeachwa uwazi wa kupandishia makanda ya ukindu yaliyojaa mpunga. Lakini makanda ya mjomba yalikuwa manene kama yeye. Hayangepita ila mume wangu aondolewe.

Akaletwa fundi, mtu wa Kiongoroni, unakotoka kila mti wa mkoko. Nilimchungulia kwenye tundu la jamvi lililonitenga na sebule, tundu ambalo panya walisingiziwa. Sikumpenda. Kofia yake ilikuwa safi mno kwa mtu aliyetembea siku mbili. Na swali lake la kwanza, kabla hajamaliza uji, lilikuwa makanda ni mangapi. Mjomba akajibu kwamba si mengi. Fundi akauliza si mengi ni mangapi. Bibi akakohoa kile kikohozi chake cha kufunga mazungumzo.

Akapanda kwa ngazi, akaigonga ile boriti, akapitisha kiganja juu yake toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna kilichomzuia. Fito za dari hazikuifikia, na makombamoyo, ile miti ya mteremko wa paa, yalipita mbali juu.

"Hii haibebi kitu," akasema. "Imejilaza tu, kama bwana wa mtu baada ya futari. Kesho naikata."

Mjomba akacheka, akaridhika. Walipotoka, bibi alinijia akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mwanawe anaitaka boriti ile kwa nyumba ya mke mdogo. Nikamwambia mimi namshuku fundi. Akasema hilo nalo liwepo, hawezi kumshuku kila mtu peke yake.

Alasiri bibi akaenda kisimani. Mwali haruhusiwi kupanda darini. Haruhusiwi hata kukimbia. Nilipanda mbio. Nami nikapitisha kiganja changu, kikapita. Fundi alisema kweli, na hilo likaniudhi. Ndipo nikaona kamba. Kila boriti ilifungwa ncha zote mbili kwenye mtambaapanya, ule mti mrefu ulalao juu ya ukuta, ambao miguu ya makombamoyo huukanyagia. Nikazidonoa kamba za boriti nyingine kwa kidole, zikatoa sauti ya kitu kilicholegea. Nikaidonoa ya mume wangu. Ikalia kama uzi wa zeze, na nilipoitazama vizuri ilikuwa imekula mti mpaka imejichimbia mfereji.

Mwenye akili angeshuka akafikiri. Mimi nikafungua fundo, nione.

Kamba ilinichomoka mkononi kama nyoka aliyekanyagwa. Ncha ya boriti ikasogea kidogo tu, lakini ukuta ukaguna, udongo ukamwagika juu ya msala wa bibi wa kuswalia, na pale juu pembeni ya dirisha ukafunguka ufa. Nikaingiza kidole. Kikaingia chote. Nikavuta kamba kwa nguvu zangu zote, mti haukurudi, nikafunga nilivyojua, nikafuta vumbi, nikajilaza na ubao usoni. Bibi aliporudi alinisifu kwa kusoma.

Asubuhi mjomba aliuona ufa kabla ya kuvua viatu. Akapanda, akashika kamba, akashuka taratibu. Fundi alikuwa ameketi anainoa tezo yake ya kuchongea. Mjomba hakupandisha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema ameelewa sasa kwa nini makanda yalihesabiwa. Ameelewa kwamba kuna watu hutumwa na Mdachi kulegeza nyumba, paa liwaangukie wenyewe usingizini, askari wakija waokote mpunga bila kazi. Alisema wako watu porini, wale wa maji wanaopigana na Mdachi, anaojua pa kuwapata, na kwamba watafurahi kuzungumza na fundi wa Kiongoroni. Sote tulijua wale watu hawazungumzi sana.

"Sikugusa kamba," fundi akasema.

"Nani mwingine amepanda humu? Panya?"

"Wallahi, bwana, sikuigusa."

Mjomba akachukua panga lake kutoka ukutani. Nikatazama bibi yuko wapi: amesimama mlangoni, amekunja mikono, anamtazama fundi kama alivyomtazama jogoo. Hakuna ambaye angemwonea huruma yule mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa bado simwamini. Lakini kamba niliijua.

"Ni mimi," nikasema.

Mjomba akageukia jamvi langu. "Nani kasema?"

"Hakuna mtu," bibi akajibu upesi. "Humo yumo mwali, na mwali hasemi."

"Basi mwambie huyo asiyesema arudie."

Bibi akaja kwenye jamvi, akainama. "Mke mwenzangu, umesemaje ambacho hukusema?"

Nikamweleza yeye, kwa sauti ya kufika kisimani, kwamba nilipanda, nikafungua fundo, ukuta ukaenda nje, nikashindwa kuurudisha. Mjomba akasema namkinga mgeni, hajui kwa nini, na hilo nalo atalichunguza. Fundi akaomba ruhusa ya kutazama fundo. Alipanda huku mjomba akishika ngazi kwa mkono mmoja, panga kwa mwingine.

"Hili ni fundo la kufungia mbuzi," akasema toka juu. "Unaweza kuniita mpelelezi, bwana. Lakini usiniite fundi wa fundo hili."

Mjomba akapanda akalitazama, akanywea. Fundi akaingiza kidole chake katika ufa. Kisha akasema jana alitazama kilichokaa juu ya boriti, hakutazama kinachovuta pembeni. Paa linazisukuma kuta ziende kila mmoja na njia yake, na katikati ndipo panaposukumwa zaidi. Haibebi kitu, alisema, inazishika zisiachane. Angeikata, paa lingemwangukia bibi.

Akapitisha kamba mpya toka ukuta hadi ukuta, akachomeka mchi wa kinu katikati, akaisokota mpaka kuta zikarudi na ufa ukaziba, ukabaki upana wa ukucha. Ndipo akamfunga mume wangu upya. Mpunga ulipandishwa kwa vikapu vidogo. Bibi akasema angalishauri vikapu vidogo tangu mwanzo, ila hakuna aliyemwuliza.

Mimi niliongezewa mwezi mzima ndani. Kabla hajaondoka, fundi aliulizwa tena kwa nini alitaka hesabu ya makanda. Akajibu alitaka kujua uzito. Lilikuwa jibu zuri mno. Mjomba akajitolea kumsindikiza mpaka kivukoni, asije akasumbuliwa na watu njiani, akabeba panga kwa ajili ya nyoka.

Alirudi magharibi. Tukamsikiliza kwa makini, mimi kwenye tundu langu.

"Kaenda salama," akasema. "Kashika njia ya kwao."

"Umejuaje," bibi akauliza, "kwamba ndiyo ya kwao?"

Mjomba akaomba ngazi, na kabla ya alfajiri mpunga wote ulikuwa umeshushwa, ukaenda kufichwa mahali ambapo hata mimi sikuambiwa.