Namba Kumi na Nne Haina Kisanduku

Saa mbili na nusu asubuhi, Ijumaa. Namba amepiga magoti kwenye chumba cha nyuma cha duka la rangi, anapuliza vumbi kwenye kinanda chake, mashavu yamemtuna kama anayehangaika na mkaa mbichi.

Chumba, ambamo bendi yake hufanyia mazoezi, kina viti saba visivyofanana, feni inayolalamika na harufu ya rangi ya mafuta. Harufu hiyo ameizoea kiasi kwamba akiikosa nyumbani, anasema, pua inamwasha.

Kinanda kina miaka kumi na sita na uzito wa kilo kumi na tisa. Vibonyezo vitatu havitoi sauti tena. Juu yake kumebandikwa utepe wenye namba zilizoandikwa kwa kalamu, moja hadi thelathini na mbili, na kila namba ni pigo la muziki alilolihifadhi mwenyewe.

"Majina ya miziki hayakai kichwani mwangu," anasema. "Nikisikia pigo zuri nalikamata, nalipa namba, basi. Harusini watu wanapiga kelele, 'Tupe saba!' Nawapa, wanacheza. Nani anauliza saba ni ya ukoo gani?"

Ndiyo maana wote wanamwita Namba, hadi mama mkwe wake.

Ana miaka arobaini na sita na mabinti wawili. Anapiga kinanda harusini, kanisani, mazishini na kwenye mahafali ya shule. Mwezi mzuri anapata kazi kumi na moja, mwezi mbaya tatu, na mwezi mbaya nyumba inaendeshwa na cherehani ya mke wake.

"Mimi sisemi kitu," anasema mke wake akicheka. "Ila naongeza kasi ya kushona ili asikie."

Leo Namba hana raha. Juu ya kiti kuna fomu ya tamasha la muziki la jiji, na mwisho wa kuirudisha ni saa sita mchana. Bendi itakayochaguliwa inapewa dakika arobaini kwenye jukwaa kubwa. Ameshajaza yote isipokuwa mstari mmoja, aina ya muziki, wenye visanduku vitano: Injili, rumba, rege, jazi, kizazi kipya. Chagua kimoja tu.

"Mwaka juzi niliweka alama kwenye viwili, wakaikataa," anasema. "Mwaka jana nikaweka kwenye vyote vitano, kwa usalama. Ilirudi siku hiyohiyo!"

Balaa lote lilianza Jumapili moja, miaka sita iliyopita. Jana yake, Jumamosi, alikuwa amepiga harusini, akafunga kinanda bila kukirudisha kwenye pigo la kanisani. Kwaya ikasimama kuimba wimbo wa taratibu wa shukrani. Mwenyekiti wa kwaya akainua mkono, Namba akabonyeza, ikatoka namba kumi na nne. Rumba tupu!

"Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi," anakumbuka. "Midomo ya kwaya imeshafunguka. Nikizima, nimewaaibisha. Nikasema liwalo na liwe."

Ubeti wa pili kwaya ikalidaka pigo. Ubeti wa tatu, mabenchi ya nyuma yote yalikuwa yamesimama. Baada ya ibada mwenyekiti alimwita nyuma ya jengo, akamgombeza nusu saa nzima bila kupumua. Alipomaliza akauliza, "Hiyo ilikuwa namba ngapi?"

Hapo ndipo bendi ilipozaliwa. Wapo wanawake watano wa kwaya, mwenyekiti akiwa mmojawapo, na mpiga gitaa wa kumbi za dansi anayeitwa Bonge, ambaye siku ile alikuja kwa ubatizo wa mpwa wake akashindwa kukaa kitini.

Bonge ndiye wa kwanza kufika leo. Anaikodolea macho fomu.

"Kaka, ukiandika Injili mimi hunioni tena. Miaka ishirini na mbili napiga rumba. Wenzangu watanicheka mpaka nihame mtaa."

"Na ukiandika rumba," anadakia mwimbaji mmoja akiingia na wenzake, "kanisani watatuuliza tumeanza lini kwenda baa."

Namba anajikuna kichwa. Akichagua kimoja, nusu ya bendi inaondoka. Asipochagua, watabaki hapahapa wakipigia makopo ya rangi. Inamuuma, na haoni aibu kusema hivyo.

"Hawa watu ndio muziki wenyewe," anasema. "Nimkate nani?"

Saa nne kamili mwenyekiti, mwenye miaka sitini na minane, anaomba fomu. Anavaa miwani, anaisoma yote hadi maandishi madogo ya chini.

"Kalamu."

Anaweka alama kwenye rumba.

"Mama, umeona ulipoweka?"

"Nina miwani, mwanangu. Mungu anajua ninachoimba. Wenye fomu ndio hawajui, na leo sina muda wa kuwafundisha. Atakayeuliza kanisani aje kwangu, chai ipo."

Bonge anajifuta shingo kwa leso, kisha macho.

"Basi, mama, siku hiyo mimi nitavaa joho."

"Joho gani?"

"La kwaya. Kama lenu."

"Jamani, kitambaa kitatosha?" anauliza mmoja, na chumba kizima kinaangua kicheko, Bonge akiwa wa kwanza.

Saa sita kasoro dakika ishirini, Namba yuko dirishani kwa karani wa tamasha. Karani anamkumbuka.

"Mwaka huu kimoja tu! Una uhakika?"

"Mimi sina, dada. Ila mwenyekiti wa kwaya anao."

Karani anacheka, anagonga muhuri. Majibu yatatoka baada ya wiki sita.

Jioni, Bonge amesimama sebuleni kwa Namba mikono juu, mke wa Namba akimzungusha futi ya kupimia. "Kitambaa mita nne na nusu," anatangaza, na kuchukua mkasi.

Namba ameshapanga kila kitu. Wakiitwa, watafungua kwa wimbo uleule wa shukrani, kwa namba kumi na nne ileile, Bonge akiwa mbele na joho lake.

Na wasipoitwa je?

Namba anamtazama mke wake. Mkasi umeshafika katikati ya kitambaa.

"Wasipotuita, joho limeshakatwa," anasema. "Bonge atalivaa Jumapili."