Mkamwana wa Mzee Kebaso Aonja Chai

Mpaka mwaka wa 1972, katika kiwanda chetu karibu na Litein, hakukuwa na mwanamke aliyewahi kuajiriwa kuonja chai. Kuinywa, tuliinywa kwa masufuria. Lakini kuionja na kuamua ipi inafaa sokoni ilikuwa kazi ya wanaume, nao walijiona kweli kweli. Mimi nilikuwa nikiosha vikombe vyao, kwa hiyo niliwajua.

Drusilla alifanya kazi maabarani, akipima unyevu wa majani. Alikuwa amesoma kemia shuleni, na pua yake haikudanganyika. Nafasi ya muonjaji ilipotokea, akaiomba. Bwana Ogola, muonjaji mkuu, akakubali kumjaribu huku wenzake wakichekea pembeni.

Sasa, chai haionjwi kwa adabu. Unaivuta kutoka kwenye kijiko kwa kishindo mpaka harufu ipande puani, halafu unaitema kwenye ndoo. Na mtu wa kumimina maji moto chumbani humo alikuwa nani? Mzee Kebaso, baba mkwe wake Drusilla! Kwetu sisi Wakisii, mke wa mwana hatafuni hata kiazi mbele ya baba mkwe, sembuse kuvuta na kutema.

Drusilla akanywa kijiko cha kwanza kimya kimya. Hakupata ladha. Cha pili, vivyo hivyo.

"Basi, mama," Bwana Ogola akasema. "Hii kazi imekushinda."

Machozi yakamlengalenga. Nilikasirika nusura nivunje kikombe. Hapo Mzee Kebaso akaweka birika chini, akatoka, akafunga mlango. Tukamwona dirishani, ametupa kisogo, akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya kutisha ng'ombe.

Drusilla akaelewa. Akavuta kwa mlio ambao sijausikia kwa mwanamume yeyote, akatema, akavuta tena.

"Hii imeungua kwenye kikaushio. Hii ilicheleweshwa kukaushwa. Hii ndiyo nzuri."

Bwana Ogola akaonja zote tatu. Kule pembeni hakuna aliyecheka tena.

"Anza kesho," akasema.

Tangu hapo Mzee alimimina maji, akatoka, akaimba. Siku aliyostaafu, Drusilla, sasa muonjaji mkuu, alimwandalia kikombe cha chai yetu bora. Mzee akaivuta kwa kishindo mbele yetu sote, mashavu yakatetemeka.

Drusilla akatugeuzia kisogo, akaanza kuimba.