Macho ya Mbuta na Macho ya Dani

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, ingawa nyingine nyingi zimenitoka kichwani bila hata kuaga. Subiri kwanza nikae. Jumamosi zote hizi za matanga zimenimaliza, na mkoba huu wa kamera siku hizi ni mzito kama mawe ya Kit Mikayi pamoja na watalii waliopanda juu yake.

Nilikuwa kijana, na kamera za dijitali za kubadilisha lenzi ndiyo kwanza zinaingia Kisumu. Yangu ilikuwa na vitufe vingi kuliko kanzu ya askofu, nami nilikijua kimoja tu, cha kupigia. Kijitabu cha maelezo kilikaa mkobani bila kufunguliwa. Mimi niliyevumilia shule ya jioni, mbu wakinisaidia kufungua kurasa, nikashindwa na kijitabu! Ujana huo.

Nikaitwa niende Luanda Kotieno, ufuoni mwa ziwa, na mama mmoja mzee, muuza mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, ambaye ufuo mzima ulimwita Dani, yaani bibi yetu sote. Alikuwa mgonjwa. Daktari alishamwambia ajiandae, naye akajiandaa kwa kumwita mpiga picha. Alitaka picha ya kuwekwa mbele ya jeneza lake.

"Mzee wangu alizikwa na picha ya kitambulisho iliyokuzwa," aliniambia. "Uso ukawa kama uji. Vitukuu wananiuliza alifanana na nani, nawaambia alifanana na uji. Mimi sitaki hivyo, nyathina, mwanangu. Wanione."

Kisha akakataa kupigwa picha mikono mitupu. Mbuta ndiye aliyewasomesha watoto wake, basi mbuta lazima awemo. Akachagua mmoja mkubwa, wa kumeza mtumbwi na wavuvi wake, akamshika kwa matamvua na kumwinua mbele ya kifua. Wanawake wa ufuoni wakapasuka kwa kicheko.

"Dani, chunga huyo asirithi nyumba!"

Mimi nikaiachia kamera ijichagulie pa kulenga. Ikalia pii, nikapiga. Kwenye kioo kidogo cha nyuma kila kitu kiling'aa. Sikukuza, sikukagua. Nikarudi mjini nikipiga mluzi.

Picha ikachapishwa kubwa. Mbuta alionekana hadi ukingo wa magamba. Jicho lake lingeweza kukusomea dhambi zako. Nyuma yake, uso wa Dani ulikuwa ukungu mtupu. Kamera ikiachiwa ichague, mwanangu, mara nyingi hukimbilia kilicho karibu nayo. Haijui yupi mama na yupi kitoweo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Nikampelekea hivyo hivyo, nikitumaini macho ya uzee hayatagundua. Nilimkuta kitini, amefunikwa leso, amepungua. Akaitazama picha kwa muda.

"Haya, bwana picha, hii ni matanga ya nani? Huyu mbuta ana ndugu wa kumlilia?"

Mke wa mwanawe, aliyekuwa akimuuguza, akacheka, nami nikacheka. Yeye hakucheka.

"Umetoka mbali, ukanichungulia kwenye tundu lako, na bado hukuniona. Nimebaki na uso huu tu, na wenyewe unaisha."

 Nikatoa kile kijitabu, nikakisoma pale pale mlangoni, yeye akikohoa na kuningoja. Nikaiondolea kamera ruhusa ya kujichagulia. Nikabaki na kisanduku kimoja chekundu cha kulengea, nikakisogeza hadi juu ya jicho lake lililokuwa karibu nami. Dani hakumtaka tena samaki, wala nguvu za kumwinua hakuwa nazo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: nikapiga magoti mpaka macho yetu yakalingana. Nikabonyeza kitufe nusu, nikangoja. Pumzi ilikuwa ikimyumbisha mbele na nyuma, na kila alipoyumba nililenga upya. Nikaziona kope zake, moja moja. Hapo nikapiga. Nikakuza picha, nikakagua, nikamwonyesha.

Akakigusa kioo kwa kidole.

"Eeh. Huyu ni mimi. Hata amechoka kama mimi."

Ndiyo picha iliyosimama mbele ya jeneza lake, na vitukuu wakabebwa mmoja mmoja kumtazama.

Basi, mwanangu, wewe unayepiga harusi za Milimani kwa kamera yenye akili kunishinda, sikia. Usiiachie mashine ikuamulie nani ni wa maana. Weka kile kisanduku kwenye jicho wewe mwenyewe. Bibi harusi anayekuja akicheza, hatua mbele, hatua nyuma, mpe fokasi ya kumfuata, ile inayolenga upya kila anaposogea. Aliyetulia, bonyeza nusu, umngoje. Kisha kuza ukague kabla mtu hajaondoka, maana wengine wakiondoka hawarudi kupigwa tena. Mimi niliwahi kurudi kwa bahati, na bahati haina zamu.

Mungu akulindie magoti, utayahitaji. Akupe kidole chenye subira na jicho lenye huruma, na usichoke kuwatazama watu hata siku mgongo utakapokataa. Amina. Haya, nipe mkono niinuke.